Mtoto Asomewe, Asiachiwe Simu

Je, hadithi yaweza kumsaidia mtoto kiafya? Huenda swali hili likamshangaza msomaji aliyezoea kusoma katika kurasa kama hizi habari za malaria, kipindupindu na shinikizo la damu. Hata hivyo, miongoni mwa mambo ambayo akina mama wa Kianda, huku Kibera, huja kumuuliza daktari ni habari ya mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye hajaanza kusema, ilhali mwenzake wa nyumba ya pili husimulia kila kitu. Ukiuliza mengi zaidi, mara nyingi utaambiwa kwamba mtoto huyo hutulia sana akipewa simu.

Simu yenyewe si adui. Serikali ilipofunga shule mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021, simu ndiyo iliyokuwa shule ya nyumba nyingi. Tangu hapo desturi moja nzuri imeendelea: klabu za vitabu za mtandaoni kwa watoto wadogo. Mwalimu au mzazi mmoja huchagua hadithi fupi yenye picha, akaituma kwa wazazi wenzake, pamoja na kazi ndogo ya mikono inayohusiana nayo. Hadithi ikiwa ya kuku, watoto watatengeneza kuku wa katoni. Hadithi hazihitaji kununuliwa. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, una vitabu vingi vya picha vya bure kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika. Asiye na pesa za intaneti aweza kwenda katika maktaba ya umma ya Kibera, ambayo ni tawi la Huduma ya Maktaba ya Kitaifa.

Wazazi wengi hukosea hapa: hudhani kwamba simu ndiyo inayofundisha. Wanafungua hadithi, wanamkabidhi mtoto, kisha wanarudi kwenye sufuria. Yafaa ieleweke kwamba mtoto wa chini ya miaka mitatu hujifunza kusema kwa kujibizana. Anaonyesha mbwa kwa kidole, mama anasema "mbwa", mtoto anajaribu "bwa", mama anacheka na kurudia. Simu haimngoji ajibu. Haioni anaangalia nini, wala haijui kwamba amechoka. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiketishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Ushauri huohuo unasema kwamba mtoto anapokuwa ametulia, kusomewa na kusimuliwa hadithi na mlezi wake ni jambo la kutiliwa mkazo.

Madaktari wa watoto wamelichukua jambo hili kwa uzito kwa muda mrefu. Katika jiji la Boston, Marekani, mwaka 1989 walianzisha mpango wa kumpa mtoto kitabu anapoletwa kliniki, na mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo kikashauri kwamba wazazi wote wahimizwe kuwasomea watoto tangu uchangani. Sisi hatuna vitabu vya kugawa kliniki, lakini ushauri hauhitaji bajeti.

JINSI YA KUSOMA

Shika simu wewe mwenyewe. Mpakate mtoto, soma ukurasa mmoja, kisha nyamaza. Muulize, "Huyu anafanya nini?" Mpe nafasi ajibu, hata kama jibu ni mguno. Dakika kumi zatosha kwa mtoto wa miaka mitatu, na akitaka hadithi ileile mara ya kumi usimkatalie, kwani marudio ndiyo yanayomfunza maneno.

Mama mmoja aliniambia, "Daktari, mimi Kiingereza changu ni kidogo, nitamharibu mtoto." La hasha. Soma au simulia kwa lugha unayoimudu. Katika ploti moja ya Kianda utasikia Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kiswahili na Sheng, na watoto huzichota zote bila kuchelewa kusema kwa sababu ya wingi wake. Asiyejua kusoma naye asione haya, maana picha zinasimulika. Nyanya zetu walisimulia bila kitabu chochote.

KAZI ZA MIKONO

Kukata, kukunja, kufinyanga na kupaka rangi huimarisha misuli midogo ya vidole, ile ambayo mtoto ataihitaji kushika penseli na kufunga vifungo. Hakuna haja ya kununua vifaa. Katoni, magazeti ya zamani, vipande vya kitambaa na gundi ya unga wa ngano uliopikwa vyatosha. Kitunguu kilichokatwa hupiga chapa nzuri, na bizari ya manjano hutoa rangi. Wengine hufinyanga kwa unga wa ngano uliochanganywa na chumvi nyingi. Unga huo wafaa watoto wakubwa kidogo, kwa maana chumvi hiyo ikiliwa humdhuru mtoto mdogo. Mdogo mpe bonge la ugali uliopoa. Akiutafuna, hakuna hasara.

Nataka nikae kidogo kwenye hatari, kwa sababu nyumba ya futi 10 kwa 10 haina chumba cha watoto na kila kitu kiko karibu. Shanga, maharagwe, vizibo na vifungo hukaba koo. Kipimo rahisi ni kibomba cha karatasi ya choo: chochote kinachopita ndani yake kisipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mtoto anayetoa kamasi yenye harufu mbaya kutoka tundu moja tu la pua huenda amejiingizia kitu huko. Usikichokoe kwa kijiti, mpeleke hospitalini. Betri ndogo za duara, zilizomo katika saa na vichezeo, ni hatari zaidi. Ikimezwa na kukwama kooni huanza kuunguza nyama katika muda wa saa mbili tu, basi usingoje itoke yenyewe. Viboksi vya dawa vilivyookotwa jalalani visitumiwe, wala bomba la sindano. Na wanaosomea kwa koroboi waiweke juu, mbali na karatasi. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitalini, kwa kuwa akitapika mafuta huweza kuingia mapafuni.

Akikabwa na kitu na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe na umpige kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Kisichotoka, mtoto aliyepita mwaka mmoja mminye tumbo juu ya kitovu kwa nguvu, kuelekea juu, mara tano. Aliye chini ya mwaka usimminye tumbo, bali mbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Rudia hivyo mkiwa njiani kutafuta msaada. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona.

MASIKIO NA MACHO

Faida nyingine ya kusoma pamoja haisemwi sana. Mzazi anayemsomea mtoto kila jioni ndiye wa kwanza kugundua kwamba hasikii vizuri. Ukimwita kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo, anageuka? Sikio linalotoa usaha kwa majuma mawili au zaidi laweza kumpunguzia usikivu, na mtoto asiyesikia maneno hawezi kuyasema. Watu humwita mkaidi au mzito wa akili, kumbe ni sikio. Usitie mafuta wala maziwa ya mama. Lipanguse kwa kitambaa safi kikavu na umpeleke kliniki. Vivyo hivyo, mtoto anayesogeza kitabu hadi puani, au ambaye jicho moja hukimbilia kando, apimwe macho.

Wazazi wa klabu hizi hupenda kutumiana picha za watoto wakiwa na kazi zao. Zitumwe kwa mnaojuana pekee, bila jina la shule. Lakini kabla ya kutuma, itazame vizuri. Picha ikipigwa kwa mwanga wa simu, mboni ya jicho huonekana nyekundu au nyeusi. Ikionekana nyeupe, hasa jicho moja na katika picha zaidi ya moja, huenda ni mtoto wa jicho au saratani iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata hasa watoto wa chini ya miaka mitano na hutibika ikigunduliwa mapema. Mtoto huenda asilie wala asilalamike. Usingoje siku ya chanjo: chukua simu yenye picha hizo pamoja na mtoto, mwende kliniki ya macho juma hilohilo.