Diski Moja Ikifa, Picha za Mgonjwa Zibaki: Somo la Makundi ya Diski katika Seva za Hospitali

Utangulizi

Mgonjwa aliyemaliza miezi 6 ya dawa za kifua kikuu anaweza kubaki na kovu pafuni maisha yake yote. Akirudi miaka 2 baadaye akiwa na kikohozi, picha mpya ya eksirei itaonyesha kovu hilo, na daktari atajiuliza iwapo ni alama ya zamani au ni ugonjwa uliorejea. Makohozi yatapimwa, lakini picha ya zamani ndiyo itakayoonyesha kama kivuli kimebadilika. Picha hiyo ikiwa imepotea, mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji, au ugonjwa mpya ukadhaniwa kuwa kovu.

Jambo hili lina uzito wa pekee mkoani Songwe. Tunduma ni mji wa mpakani. Barabara kuu na reli ya TAZARA kuelekea Zambia hupita hapo, na madereva wa malori na wafanyabiashara huvuka kwenda Nakonde na kurudi. Mgonjwa aliyepigwa picha leo huenda asionekane tena kwa miezi mingi. Zamani aliondoka na filamu yake katika bahasha. Picha ya kidijitali hubaki katika seva. Kwa hiyo, kuitunza seva ni sehemu ya kumtunza mgonjwa.

Kundi la diski ni nini?

Kila diski hufikia siku ya kufa. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililopendekeza diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kwa pamoja, na sehemu ya nafasi yake itengwe ili kufidia diski itakayokufa. Mpango huo huitwa RAID.

Tuufananishe na rejista. Vyumba vitatu vya kliniki vimeona wagonjwa 12, 7 na 9, na mwishoni imeandikwa jumla, 28. Ukurasa wa chumba cha pili ukichanika, tutatoa 12 na 9 katika 28, na tutapata 7. Kurasa mbili zikichanika, jumla moja haitoshi. Diski hutumia hesabu ya aina nyingine, lakini mantiki ni hiyo hiyo.

Aina za makundi

Tuseme hospitali ina diski 8, kila moja ya terabaiti 4.

RAID 0 hutoa terabaiti zote 32, lakini haina kinga yoyote. Diski 1 ikifa, kundi zima hupotea. Isitumike kwa taarifa za wagonjwa.

RAID 10 huandika kila kitu mara mbili katika jozi za diski. Hutoa terabaiti 16.

RAID 5 huweka hesabu moja ya kufidia. Hutoa terabaiti 28 na huvumilia kifo cha diski 1.

RAID 6 huweka hesabu mbili tofauti. Hutoa terabaiti 24 na huvumilia vifo vya diski 2.

Ipi ichaguliwe?

Hatari kubwa huja baada ya diski ya kwanza kufa. Diski mpya ikiwekwa, seva husoma diski zote zilizobaki ili kuijaza. Kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, diski ya terabaiti 4 huchukua zaidi ya saa 7. Seva ikiendelea kuhudumia wagonjwa, muda huo huongezeka sana. Diski zilizonunuliwa pamoja huchakaa pamoja, hivyo ya pili inaweza kufa katika saa hizo hizo. Kwa RAID 5, huo ndio mwisho wa picha zote.

Kwa hospitali iliyo mbali na maduka ya vipuri, RAID 6 yenye diski ya akiba ndani ya seva inafaa zaidi kwa picha. Diski 7 zikiwa kundini na 1 ikiwa ya akiba, hubaki terabaiti 20. Kumbukumbu za matibabu na malipo, ambazo hubadilika kila dakika, zifae kuwekwa katika kundi lake la RAID 1 au RAID 10. RAID 6 hufanya kazi 6 za kusoma na kuandika kwa kila badiliko dogo; RAID 10 hufanya 2 tu.

Hatua za kuzingatia

1. Tumia diski za aina na ukubwa mmoja. Katika kundi la kawaida, diski ndogo kuliko zote huamua kiasi kitakachotumika katika kila moja.
2. Hamisha taarifa zote kabla ya kuunda kundi jipya, kwa kuwa kuunda kundi hufuta kilichomo.
3. Washa ukaguzi wa diski wa mara kwa mara, na elekeza tahadhari kwa watu zaidi ya mmoja.
4. Kabla ya kuchomoa diski iliyokufa, hakikisha namba yake. Kuchomoa nzima kwa makosa kunaweza kuangusha kundi.
5. Linda seva dhidi ya kukatika kwa umeme ghafla.

RAID si nakala ya akiba

RAID hukinga kifo cha diski tu. Faili likifutwa kwa makosa, hufutwa katika diski zote kwa wakati mmoja. Mei 2017, virusi vya kompyuta vilivyoitwa WannaCry vilivuruga huduma katika hospitali nyingi za Uingereza. Virusi vya namna hiyo vikifunga mafaili, RAID huyatunza yakiwa yamefungwa. Moto na wizi navyo havizuiwi. Kwa hiyo ziwepo nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Nakala zijaribiwe kurejeshwa, kwani ile isiyowahi kurejeshwa haijathibitishwa.

Diski iliyotolewa isitupwe wala kuuzwa, maana bado inaweza kubeba taarifa za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa hizo.

Hitimisho

Mhudumu wa afya hahitaji kuwa fundi wa TEHAMA. Akiona taa ya njano au nyekundu katika seva, atoe taarifa siku hiyo hiyo, hata kama picha bado zinafunguka. Kundi lililopoteza diski huendelea kufanya kazi kimyakimya, na ukimya huo ndio unaoponza. Nawe mgonjwa unayesafiri, omba nakala ya picha na majibu yako, uyatunze pamoja na kadi yako ya kliniki.