Kitenzi kula na ndugu zake

SWALI: Nyumbani tunasema erirya kwa Kinande, sokoni kula kwa Kiswahili, na askari husema kolia kwa Lingala. Nani alimwiga mwenzake?
Msomaji, Bungulu, Beni

JIBU: Hakuna aliyeiga. Vitenzi vyote vitatu ni urithi wa mzizi mmoja wa Kibantu wenye sauti d mwanzoni. Mwanaisimu Carl Meinhof alilinganisha lugha za Kibantu katika kitabu cha mwaka 1899, akaonyesha kuwa sauti hubadilika kwa utaratibu, si ovyo. Kikongo kimeihifadhi d (dia), Kizulu kina ukudla, Kiganda okulya, Kinyarwanda kurya. Kwa Kinande, wengine huandika erilya. Ni kitu kilekile.

Utamu uko kwenye Kiswahili. Mzizi umebaki silabi moja tu, -la, nayo mkazo wetu hutaka silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana twasema anakula, ku- ikibaki kubeba mkazo, lakini hali, kwa kuwa ha- yaubeba. Anayesema “anala” amekosea. Na mkono wa kulia? Ni mkono wa kulia chakula, basi.

Eri- ya Kinande na ku- ya Kiswahili ni viambishi tu. Ukitaka kulinganisha vitenzi, viondoe kwanza.