Mada unayoitafuta iko Kongwa kwenu

*Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili, shahada ya ualimu, somo la historia, katika chuo kimoja hapa Dodoma. Tumeambiwa tuandike insha ya utafiti ya kurasa kumi na tano. Nilipeleka mada ya "Athari za ukoloni kwa uchumi wa Tanganyika", mhadhiri akaizungushia wino mwekundu na kuandika "pana mno". Nikapeleka "Kilimo wakati wa ukoloni", nayo ikarudi vilevile. Wenzangu wananishauri nitafute insha ya waliotutangulia nibadilishe maneno. Isitoshe, tunafunga chuo karibuni na mimi narudi nyumbani Kongwa, mbali na maktaba. Naomba unipe mada.*
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba, mwanangu.

Mhadhiri wako hakukuonea. Kueleza athari za ukoloni kwa uchumi wa Tanganyika nzima katika kurasa kumi na tano ni kuteka bahari kwa kata. Wajerumani walikaa miaka zaidi ya thelathini, Waingereza zaidi ya arobaini, na humo mna mkonge, pamba, kahawa, kodi, reli na Vita vya Maji Maji. Ukitaka kugusa vyote utaishia kuandika yale tuliyokariri sekondari, na yeye ameshayasoma hadi yamemchosha. Mada yako ya pili ni ya kwanza iliyobadilishiwa kichwa tu.

Kilichonishangaza ni mwisho wa barua yako. Unatoka Kongwa, unatafuta mada ya kilimo cha kikoloni, halafu unaniomba mimi nikupe!

Hapo kwenu ndipo ulipoanzia mpango wa karanga. Mwishoni mwa 1946, serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, iliamua kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza 1947. Yakaletwa matrekta yaliyobaki vitani, hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta, ili kung'oa vichaka na mibuyu. Udongo ulipokauka ukawa mgumu hata zana zikavunjika, na mvua ya Ugogo haikufuata ratiba iliyopangwa London. Januari 1951 mpango ukaachwa, hasara ikiwa kama pauni milioni 36.

Usikimbie na hilo kwa mhadhiri bado. "Mpango wa karanga wa Kongwa" ni jambo kubwa lisilo na swali ndani yake, na insha ya utafiti haisimami bila swali. Tena swali linalokuja haraka, kwa nini mpango ulishindwa, limeshajibiwa na wengi. Jibu lake utalipata kabla chai haijapoa. Waingereza wenyewe waliligombania bungeni, na John Strachey, waziri wa chakula wa wakati huo, alisemwa sana kwa ajili ya karanga hizo.

Watu wa Kongwa wamesemwa kidogo sana, na hapo ndipo pako. Nani alipoteza malisho? Bei ya chakula ilikuwaje kambi za wafanyakazi zilipojaa? Vijana walioajiriwa kufyeka walilipwa nini, na kwa nini wengine waliacha kazi? Mimi ningechukua hili la mwisho, kwa sababu lina pande mbili zinazoweza kupatikana: waajiri waliacha maandishi, na familia zimebaki na kumbukumbu. Isitoshe, Septemba 1947 mgomo ulioanzia bandarini Dar es Salaam ulisafiri na reli ya kati hadi ukawafikia wafanyakazi wa Kongwa. Ukiuliza "Wafanyakazi wa Kongwa walidai nini 1947, na walipata nini?", hapo una swali linaloenea katika kurasa zako. Lakini chagua linalokukera wewe, maana ndiwe utakayelala nalo likizo nzima.

Kabla hujalipenda sana, lipime kwa vyanzo. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: wanaandika utangulizi mzuri, wiki mbili baadaye wanagundua hakuna cha kusoma. Wewe toa siku mbili tu, ukiwa bado chuoni, uone nini kinapatikana. Kitabu cha Alan Wood kuhusu karanga kilitoka 1950. Kisome ukikumbuka kwamba mwandishi alikuwa mtu wa habari wa shirika lililoendesha mpango wenyewe, Overseas Food Corporation. Historia ya Tanganyika ya John Iliffe, ya 1979, ni nene, ila wewe huna haja ya kuisoma yote: fungua faharasa nyuma, tafuta Kongwa, tafuta migomo, kisha shuka kwenye tanbihi zake uone yeye alisoma nini. Tanbihi za mtu makini ni maktaba ya bure. Mijadala ya bunge la Uingereza ya miaka hiyo iko kwenye intaneti, haina malipo, na unaweza kuisoma kwa simu ukiwa Kongwa. Kuna pia *Mambo Leo*, gazeti la serikali la Kiswahili lililoanza 1923. Lilisema yale ambayo serikali ilitaka yasikike, na hilo nalo ni ushahidi.

Kila unachonakili, andika papo hapo jina la kitabu na ukurasa. Utaniona mkali, lakini nimesahihisha insha za kutosha kujua machozi ya usiku wa mwisho yanatoka wapi.

Wazee sasa. Aliyekuwa na miaka kumi na tano mwaka 1948 leo amevuka tisini. Utakaowapata wengi watakuwa watoto wa waliofanya kazi, kwa hiyo katika daftari lako tenganisha "niliona" na "baba alituambia". Yote mawili yanafaa, ila hayana uzito mmoja. Usimuulize mzee "athari". Hilo ni neno la darasani na atakujibu kama mwanasiasa. Muulize mshahara ulitolewa siku gani, walikula nini kambini, nani alikuwa nyapara na alikuwa mtu wa wapi. Usimkabe kwa miaka pia. Wagogo wamezoea kuhesabu kwa njaa, kama ile ya Mtunya ya wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, basi uliza jambo fulani lilikuwa kabla au baada ya njaa gani, hesabu utaifanya nyumbani. Kama anasema Kigogo na chako ni cha kuombea maji, nenda na shangazi. Na mzee akianza kukusimulia wapigania uhuru wa Afrika Kusini na Msumbiji waliokuwa na kambi Kongwa miaka ya 1960, msikilize kwa heshima, andika, kisha weka pembeni. Hiyo ni insha nyingine.

Kuhusu ushauri wa wenzako, jibu langu ni hapana. Ni wizi, na chuo kina programu za kuutambua. Zile programu za akili mnemba nazo zisikudanganye: zinaweza kukutajia kitabu ambacho hakijawahi kuchapwa, pamoja na ukurasa wake, bila kupepesa. Kitabu usichokishika wala kukifungua mwenyewe usikitaje.

Wiki hii andika swali lako kwa sentensi moja, chini yake vyanzo vinne ulivyoviona kwa macho yako, umpelekee mhadhiri. Akikubali, omba barua ya utambulisho ya chuo kabla hamjafunga, na ukifika Kongwa anzia ofisi ya mtendaji wa kijiji. Usiende kwa mzee yeyote bila barua hiyo. Kijana mwenye daftari anayeuliza mashamba ya zamani yalikuwa ya nani hudhaniwa ametumwa na watu wa ardhi, na mazungumzo huishia mlangoni.