SOMO: Kujaribu Draiva Mpya ya Sauti Katika Kompyuta Kuukuu



Katika vikundi tunavyotembelea bado tunakuta kompyuta za kupewa zinazoendeshwa na Windows XP. Programu hiyo ilitoka mwaka 2001, na Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Hata hivyo, mashine ikiwa nzima barua huandikwa na hesabu za michango hupigwa. Lakini hapo kwa sauti ndipo watu hukwama.

Katibu wa kikundi kimoja haoni. Anaandika kumbukumbu za mikutano akitumia NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo. Toleo lake la mwisho linalokubali XP ni 2017.3. Kwa katibu huyu sauti si ya kusikilizia nyimbo tu. Sauti ikikatika, kwake kompyuta imezimika, na kitabu cha kikundi kimefungwa. Kwa hivyo kabla fundi hajaja na draiva mpya, tuelewane namna ya kuijaribu.

Draiva ni programu ndogo inayopokea amri za Windows na kuiendesha kadi ya sauti. Si dereva wa matatu, ingawa ukimweka asiyejua gari lile, mtaishia mtaroni vilevile. Kila kadi ina draiva yake. Kadi za mtindo wa AC'97, uliotoka 1997, hazitumii draiva moja na zile za HD Audio, uliotoka 2004.

Swali la kwanza: kuna haja gani? Kama sauti inatoka vizuri na kipaza sauti kinashika, iacheni. Upya peke yake si sababu. Lakini kama Windows imewekwa upya na sauti ikapotea, au spika zinakwaruza, basi kuna kazi.

Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni devmgmt.msc, halafu Enter. Kifaa kisicho na draiva huonyesha alama ya njano. Fungueni kifaa cha sauti, nendeni Details, mtaona maandishi marefu yenye VEN. Namba inayofuata VEN humtaja mtengenezaji: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel. Chini ya Driver mtaona tarehe na namba ya draiva ya sasa. Yote yaandikwe kwenye daftari, si kichwani.

Draiva itafutwe kwa mtengenezaji wa mashine au wa kadi. Zile programu zinazodai kutafuta draiva zote mara moja hatuzipendi. Mara nyingi zinakuja na wageni wasioalikwa. XP yenyewe isiunganishwe na intaneti. Pakueni saiba, mbebe kwa flashi, na flashi ikaguliwe virusi kwanza.

Sasa kinga. Wekeni alama ya kurudia kwa System Restore, ambayo iko ndani ya Accessories, chini ya System Tools. Tena tunzeni faili la draiva ya zamani kwenye CD au flashi nyingine. Kuna kitufe cha Roll Back Driver kinachorudisha ya zamani, ni kweli, lakini XP hukumbuka moja tu iliyotangulia. Ukiweka mpya mara mbili kwa pupa, ile nzuri imeshapotea. Na kama kuna asiyeona, anayeona akae kando yake mpaka kazi iishe, maana katikati ya kuweka sauti inaweza kunyamaza na hatajua kioo kinauliza nini.

Wekeni draiva moja, msibadilishe kitu kingine siku hiyo, kisha zimeni na kuwasha. Wengi husikia mlio mmoja wakapiga makofi wakaenda nyumbani. Haitoshi. Sikilizeni spika ya kushoto na ya kulia, kisha za masikioni. Rekodini sauti ya mtu kwa Sound Recorder, mrudie kuisikiliza. Chezeni wimbo nusu saa nzima, na wimbo ukiendelea, NVDA isome barua: zote mbili zisikike. Ilazeni mashine kwa Stand By, muiamshe, msikilize tena. Draiva nyingine huamka bubu. Kuna na hili ambalo mwenye macho halioni: draiva ikisinzia kila kunapokuwa kimya, silabi za kwanza za neno humezwa. “Haijalipwa” ikisikika “jalipwa”, mwekahazina ataambiwa mkopo umelipwa! Kwa hivyo mtumiaji mwenyewe ndiye aseme imefaulu, wala si fundi.

Ikigoma kuwaka kabisa, bonyezeni F8 mara kwa mara mashine inapoanza, mchague Last Known Good Configuration. Fanyeni hivyo kabla hamjafaulu kuingia tena, kwa sababu mkishaingia, hali hiyo mbovu ndiyo itakayohesabiwa kuwa njema.

Kwa mkutano ujao kikundi kijadili: draiva yetu ya zamani iko wapi, imetunzwa na nani, na siku ya majaribio nani atakaa na katibu?