Wingi wa Chembe Nyeupe Si Saratani ya Damu

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Mkaazi wa Kitui au Makueni, ambako mvua ni haba, anajua pia kuwa si kila wingu hunyesha. Makala haya yanakusudia kubainisha dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa: wingi wa chembe nyeupe za damu na saratani ya damu.

Kwa kawaida, mtu mzima huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila mikrolita ya damu. Chembe hizi ni askari wa mwili. Adui akiingia, huongezeka. Nimonia na majipu huzidisha nutrofili. Kichocho, ambacho watu wa Makueni huambukizwa mitoni na katika mifereji ya mashamba, huzidisha eosinofili. Ujauzito, majeraha ya moto na dawa za steroidi pia hupandisha idadi. Ongezeko la namna hii lina sababu. Sababu ikiondoka, nalo hupungua. Maambukizi makali huweza hata kuipitisha idadi 50,000 pasipo saratani.

Katika saratani ya damu, uboho huzalisha chembe zisizotii mahitaji ya mwili. Kwa hiyo mpimaji hatosheki na hesabu, bali huitazama damu kwa hadubini. Chembe changa mno zikionekana, au chembe nyekundu na zile za kugandisha damu zikipungua, uboho huchunguzwa. Saratani sugu ya mayeloidi huthibitishwa kwa kromosomu ya Philadelphia, iliyogunduliwa mwaka 1960. Wengu kuvimba pekee si ushahidi: kala-azar, iliyozuka Kitui katika miaka ya 1950, huvimbisha wengu huku ikipunguza chembe nyeupe.

Je, lugha inahusikaje? Mwaka 1847, daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliupa ugonjwa huu jina lenye asili ya Kigiriki, maana yake "damu nyeupe". Jina hilo hutaja sura ya damu. Kiswahili hutaja kiini cha ugonjwa. Istilahi yetu ni sahihi zaidi, kwani wapo wagonjwa wa saratani hii ambao hesabu yao ni ya kawaida au ya chini.

Hivyo basi, mkalimani anayemweleza mama kwamba chembe nyeupe za mwanawe ni nyingi asiongeze neno saratani. Wala asiache kumhimiza arudi kupimwa tena. Wingu limeonekana; mvua haijathibitishwa.