MAFUNZO YA AFYA: MAFUTA YA SANGARA NA TUMBO LA MLAJI

Wasomaji wetu wa Kisesa na wa vijiji vya kandokando ya ziwa hawana haja ya kuambiwa kwamba sangara ni samaki mwenye mafuta. Waijua sufuria yake baada ya kupikwa, na wauona mchuzi wake ukipoa. Lakini wengi hawajaelezwa kwa nini chakula kile kile humwacha mlaji mmoja amelala salama, na mwenziwe humgeuza kitandani usiku kucha. Hilo ndilo somo letu.

Wazee wetu walikula zaidi sato, furu, kambale na dagaa. Sangara aliletwa katika ziwa hili kutoka nje, kwa upande wa Uganda, katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali. Watu wa pwani zote za ziwa hawakumpenda upesi, kwa kuwa waliona mafuta yake yamezidi. Tena hakukubali kuanikwa juani kama dagaa. Alihitaji kubanikwa kwa moshi au kukaangwa. Viwanda vya kukata minofu vilipoenea Mwanza katika miaka ya 1990, mifupa na vichwa viitwavyo mapanki vilianza kuuzwa kwa wenyeji, navyo hukaangwa mara nyingi katika mafuta ya samaki huyo huyo. Hivyo mafuta yaliingia katika vyungu vya watu waliozoea ugali, michembe na mboga za majani.

Hatusemi kwamba mafuta ni adui. Mwili hauwezi kuishi bila mafuta. Gramu moja ya mafuta ina nguvu mara mbili na zaidi kuliko gramu moja ya unga. Vitamini A, D, E na K huingia mwilini pamoja na mafuta, na kwa hiyo mama atiaye karanga zilizotwangwa katika mboga za majani afanya jambo la busara. Swali ni hili: tumbo lako laweza kuyapokea mafuta kiasi gani kwa mara moja?

Kazi ya nyongo

Mafuta hayachanganyiki na maji, na kila mwosha vyombo alijua hilo tangu utoto: sufuria yenye mafuta haitakati mpaka itiwe sabuni. Tumboni sabuni hiyo ni nyongo. Ini huitengeneza, yapata nusu lita mpaka lita moja kwa siku, na sehemu yake huwekwa akiba katika mfuko mdogo ulio chini ya ini, usioweza kuchukua zaidi ya vijiko vichache vya mezani. Mafuta yafikapo katika utumbo mwembamba, mfuko huo hujikamua na kuimwaga nyongo. Nyongo huyavunja mafuta yawe matone madogo sana, kisha maji ya kongosho huyasaga mpaka yaweze kuingia katika damu.

Ikiwa kiungo kimoja katika hivyo kina hitilafu, au ikiwa mafuta yamekuja mengi kwa ghafula, mlaji ataona taabu. Lakini taabu si za namna moja, wala dawa yake si moja. Yatupasa kuzitenga.

Taabu ya kwanza: kuvimbiwa

Hii ndiyo iliyo ya kawaida. Mtu amekula chakula chepesi majuma mengi, kisha yaja harusi, au fedha za pamba, au siku za ngoma za Bulabo hapa Bujora mwezi wa Juni, naye ala nyama ya kukaangwa mpaka ashindwe kuinuka. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni. Kwa hiyo tumbo hujaa, hucheua, na asidi hupanda kifuani ikawa kiungulia, hasa alalapo mara baada ya kula. Taabu hii hupita yenyewe. Mtu anywe maji kidogo kidogo, akae wima au atembee polepole, na mlo ufuatao uwe uji au ugali mdogo na mboga zisizo na mafuta. Asinywe maji ya magadi makali, maana huchoma koo na tumbo. Wala asimeze aspirini au diklofenaki kutuliza maumivu, kwa kuwa dawa hizo huweza kuutia vidonda ukuta wa tumbo.

Taabu ya pili: vijiwe vya nyongo

Wako watu ambao nyongo yao huganda ndani ya mfuko wake ikawa vijiwe. Huwapata wanawake kuliko wanaume, na zaidi waliozaa mara nyingi, walionenepa, na wenye umri mkubwa. Mtu huyo aweza kukaa miaka bila kujua. Kisha siku moja, baada ya kula mafuta, mfuko wajikamua na kijiwe chaziba mlango. Ndipo huja maumivu makali chini ya mbavu za kuume au juu ya kitovu. Hukaa nusu saa au saa kadhaa, na mara nyingi hupenya mpaka mgongoni au bega la kuume.

Hapa kuna kosa tuliloliona mara nyingi vijijini. Kila maumivu ya tumbo huitwa vidonda vya tumbo, na mgonjwa hununua vidonge dukani mwaka baada ya mwaka. Vidonda vipo kweli, navyo mara nyingi huletwa na bakteria viwezavyo kuuawa kwa dawa. Lakini vidonge vya vidonda haviondoi kijiwe. Kipimo cha ultrasaundi, kisichoumiza wala kumwaga damu, huweza kukionyesha.

Taabu ya tatu: maziwa, wala si mafuta

Mtu hunywa maziwa mabichi ya ng'ombe, tumbo likanguruma, likajaa hewa, kisha akaharisha. Husema, "Mafuta ya maziwa yanidhuru." Kumbe mara nyingi lililomshinda ni sukari ya maziwa. Watu wazima wengi duniani hupungukiwa na kile kimeng'enya cha kuisaga sukari hiyo, ingawa walipokuwa wachanga walikuwa nacho. Si ugonjwa wa aibu, wala si dalili ya kurogwa.

Namna ya kupambanua ni rahisi. Samli ni mafuta matupu, karibu haina sukari ya maziwa. Ikiwa samli haikudhuru lakini maziwa mabichi yakudhuru, basi kosa si la mafuta. Mtu wa namna hiyo mara nyingi huweza kula maziwa ya mgando, kwa kuwa yakiganda vijidudu vyake hula sehemu ya ile sukari. Lakini ikiwa samli, sangara na nyama ya mafuta vyote vyakutaabisha, basi chunguza njia ya nyongo.

Taabu ya nne: kichocho

Sisi tukaao kando ya ziwa tuna sababu nyingine ya kutosingizia mafuta kila neno. Kichocho cha tumbo hupatikana sana kwetu; huingia kwa ngozi ya mtu aogaye, avuaye au achotaye maji penye konokono. Huleta maumivu ya tumbo, kuharisha, na damu katika choo. Kikikaa miaka mingi huharibu ini, tumbo likavimba, na mwisho mgonjwa akatapika damu. Anayeacha sangara akidhani amepona, huku kichocho kinaendelea ndani, ajidanganya. Dawa yake ni prazikwanteli, nayo hutolewa baada ya kupimwa choo.

Mambo ya kufanya jikoni

1. Gawanya mafuta. Kipande kidogo leo na kidogo kesho ni bora kuliko vipande vitano usiku mmoja.
2. Ondoa mafuta ya tumbo la sangara kabla ya kupika. Mchemshe, acha mchuzi upoe, kisha engua mafuta yanayoelea.
3. Usikaange katika mafuta yaliyokwisha kuwa meusi au yanayonuka. Mafuta yaliyochacha huchafua tumbo hata la mtu mzima wa afya.
4. Kula mapema, ili zipite saa mbili au tatu kabla ya kulala.
5. Andika, au mwambie mtoto wa shule akuandikie, ulichokula na kilichokupata, kwa majuma mawili. Mganga atafahamu mengi kwa karatasi hiyo.

Dalili zisizongoja

Nenda upesi katika kituo cha afya ukiona haya: macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au choo cheupe kama majivu, homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya tumbo, maumivu yasiyokoma kwa saa kadhaa, au kutapika kusikokoma, damu katika matapishi, au choo cheusi kama lami, kukonda pasipo sababu, na choo cha mafuta kinachoelea. Na mtu wa makamo ashikwaye na maumivu ya kifua pamoja na jasho na kuhema asiseme ni kiungulia. Huenda ni moyo. Wenye kuhitaji uchunguzi mkubwa hupelekwa Bugando, mjini Mwanza.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Twaongeza kwamba hata asiyeficha hudhurika, akiyaita maradhi yake kwa jina lisilo lake. Basi, ndugu msomaji, tumbo likikusumbua baada ya mafuta, usikimbilie kuacha chakula chote, wala usikimbilie dukani. Angalia ni chakula kipi, maumivu ni mahali gani, nayo yamekaa muda gani; kisha mpelekee mganga habari hizo.