Je, Wahamiaji wa Mirihi Watavuta Hewa Gani?

Binadamu akikosa chakula huweza kuishi majuma kadhaa. Akikosa maji, siku chache. Akikosa hewa, dakika chache tu. Kwa hiyo tunapojadili maisha katika sayari ya Mirihi, swali la kwanza si la nyumba wala la mashamba, bali ni la hewa.

Mirihi ina hewa, lakini ni nyepesi mno. Kanieneo yake haifikii hata sehemu moja katika mia ya ile ya duniani, na sehemu 95 katika kila mia ni kabonidayoksaidi. Hata hivyo, katika kila molekuli ya kabonidayoksaidi mna atomu mbili za oksijeni, nazo huweza kutenganishwa. Jambo hilo limekwisha kuthibitishwa huko huko Mirihi. Kati ya mwaka 2021 na 2023, mtambo mdogo uitwao MOXIE, uliobebwa na gari la utafiti la Marekani liitwalo Perseverance, ulivuta hewa ya sayari hiyo, ukaipasha joto hadi nyuzi 800 hivi za Sentigredi, kisha ukaichambua kwa umeme. Katika awamu 16 ulitoa gramu 122 za oksijeni. Mtu mmoja huhitaji gramu 840 hivi kwa siku. Basi jumla hiyo ingemtosha kwa muda wa saa tatu na nusu. Mtambo wa kijiji kizima hauna budi kuwa mkubwa mara nyingi zaidi, tena uwe na matangi ya akiba, maana mitambo nayo huharibika.

Wako wanaouliza: kwa nini mimea isifanye kazi hiyo, kama ifanyavyo duniani? Swali hilo lilipata jibu huko Arizona, Marekani. Tarehe 26 Septemba 1991 watu wanane walijifungia ndani ya jengo la vioo liitwalo Biosphere 2, lenye eneo la hekta 1.27, pamoja na mashamba, msitu na hata bahari ndogo. Walikusudia kukaa humo miaka miwili. Mwanzoni oksijeni ilikuwa sehemu 20.9 katika mia. Baada ya miezi kumi na sita hivi ilikuwa imeshuka hadi 14.5 hivi, kama hewa ya mlimani, mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Wakaaji walichoka upesi na kutweta. Mnamo Januari 1993 ilibidi oksijeni iingizwe kutoka nje.

Chanzo kilikuwa udongo. Ulitiwa mboji nyingi ili mazao yastawi. Bakteria walipoiozesha walitumia oksijeni kwa kasi kuliko mimea ilivyoweza kuirudisha. Lakini kabonidayoksaidi iliyotoka haikuongezeka kwa kiasi kilichotarajiwa, na hilo liliwatatanisha wataalamu. Hatimaye iligunduliwa kwamba zege la jengo lilikuwa likiifyonza na kuigeuza kalsiamu kaboneti, yaani kitu kile kile kilichomo katika mawe ya chokaa. Oksijeni ilikuwa imefungwa ndani ya zege, mimea isiweze kuifikia.

Huko Arizona oksijeni ya kuwaokoa ililetwa kwa lori. Safari ya Mirihi huchukua miezi sita hadi tisa, na wakati ufaao wa kuondoka duniani hupatikana mara moja tu katika kila miezi 26.